JEMADARI ALIYESHANGILIWA



Tahariri ya safari hii haikuandikwa kisiwani. Imeandikwa Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, mahali ambapo sisi tunaoiandika twauza duka la unga, sukari na mafuta, kama wafanyavyo wengi wa watu wa visiwani waliokuja bara kutafuta riziki. Twalitaja hilo kwa kuwa neno tunalotaka kulijibu tumelisikia pande zote mbili za bahari: kisiwani katika mabaraza yetu wenyewe, na huku Mkonze kwenye benchi lililo mbele ya duka.

Neno lenyewe ni hili. Wako ndugu zetu, wengi wao vijana, ambao wamechoka. Baba zao walipiga kura mwaka 1995 na mwaka 2000. Wao walipiga mwaka 2015, wakaona uchaguzi mzima wa Zanzibar ukifutwa tarehe 28 Oktoba kabla matokeo hayajamalizika kutangazwa. Katika kuchoka huko wameanza kusema maneno ambayo zamani hayakuwa yakisemwa miongoni mwetu, kwamba kura haina faida na kwamba dawa iliyobaki ni jeshi. Wanaona picha za Bamako, Ouagadougou, Niamey na Libreville, wanaona vijana wenzao wamepanda juu ya magari ya deraya wakishangilia, na wanauliza: mbona wenzetu wameweza?

Hatuwalaumu kwa kuchoka. Aliyechoka ana haki ya kusema amechoka, na chama kisichosikia uchovu wa watu wake hakina masikio. Lakini twawaomba wakae kitako kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, tuwasimulie habari za jemadari mmoja ambaye naye alishangiliwa, tena na watu waliokuwa na kila sababu ya kushangilia. Hakutoka mbali. Alitawala ng'ambo ya ziwa, na gharama ya kumwondoa tuliilipa sisi.

Idi Amin Dada alizaliwa mnamo mwaka 1925 au karibu na hapo. Baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, watu wa kaskazini magharibi ya Uganda, mpakani na Sudan na Kongo. Masomo yake yalikuwa machache. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, na yasemwa kuwa alianzia jikoni. Alikuwa mrefu wa kimo, mwenye nguvu, mcheshi wa maneno, bingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka mingi. Wakubwa wake Waingereza walimpenda, kwani alitii bila ya kuuliza. Mwaka 1959 alipewa cheo cha Efendi, ambacho ndicho kilichokuwa cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi hilo, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Wauganda wawili wa kwanza kuvishwa nyota ya uafisa.

Hadi hapa hapana la ajabu. Askari hodari hupandishwa cheo, na mtoto wa maskini akipanda ngazi sisi hufurahi. La ajabu laanza mwaka 1962. Luteni Amin alitumwa na kikosi chake upande wa Turkana, kaskazini ya Kenya, kuwazuia wezi wa ng'ombe. Baada ya kikosi kuondoka, zilionekana maiti za watu waliopigwa na kuteswa. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alikuwa na nia ya kumfikisha mahakamani. Lakini uhuru ulikuwa umebakia miezi michache, na maafisa Wauganda walikuwa wawili tu. Basi Gavana alimtaka shauri Waziri Mkuu, Bwana Milton Obote. Bwana Obote akashauri kwamba akaripiwe yatosha. Akakaripiwa, na ikatosha.

Twaomba msomaji aishike siku hiyo, kwani mara nyingi watu husimulia habari za Amin kana kwamba alishuka kutoka mawinguni mwaka 1971 na bunduki mkononi. Hakushuka. Alilelewa. Kila mara alipofanya kosa alikuwapo mwanasiasa aliyevaa suti ambaye hesabu yake ilimwambia kwamba mtu yule amfaa zaidi akiwa jeshini kuliko akiwa jela.

Kisha ukaja mwezi wa Januari 1964, mwezi ambao hapana mtu wa visiwani asiyeujua. Siku chache baada ya yaliyotokea Unguja tarehe 12, askari wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, wa Uganda wakaasi Jinja, na wa Kenya wakaasi Lanet, wote ndani ya juma moja, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali zote tatu ziliomba msaada wa askari wa Kiingereza, na hiyo ilikuwa fedheha kwa nchi changa. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lililoasi na kuanza jipya mwaka ule ule. Bwana Obote aliwapa askari nyongeza waliyoidai, akampandisha cheo Amin. Askari wa Uganda wakajifunza siku ile kwamba serikali ikitishwa hulipa. Sisi wenye maduka twalijua somo hilo: ukimkopesha mteja kwa sababu amepiga meza, kesho atakuja na nyundo.

Mwaka 1966 likaja jambo la dhahabu. Mbunge mmoja, Bwana Daudi Ocheng, alisimama katika Bunge la Uganda tarehe 4 Februari akaonyesha karatasi za benki za Kanali Amin, zilizoingia fedha ambazo mshahara wa kanali haungeweza kuzizaa, naye akadai kwamba zatokana na dhahabu na pembe zilizovushwa kutoka Kongo. Bunge karibu lote likakubali kwamba Kanali asimamishwe kazi na achunguzwe. Hilo lilikuwa Bunge likifanya kazi yake, ndugu wanachama. Lilikuwa na haki, lilikuwa na ushahidi, na lilikuwa na kura. Je, alisimamishwa? Tarehe 22 Februari mawaziri watano walikamatwa wakiwa kikaoni mbele ya Waziri Mkuu wao, katiba ikawekwa kando, na Amin akapewa uongozi wa jeshi. Tarehe 24 Mei aliongoza mashambulizi ya kasri ya Kabaka huko Mengo. Kabaka Mutesa, ambaye alikuwa ndiye Rais wa nchi, alitoroka akafika London, akafa huko mwaka 1969. Mwanajeshi alikuwa amekwisha onyeshwa kwa vitendo kwamba katiba ni karatasi na kasri ni matofali. Hakufundishwa hayo na wanajeshi wenzake.

Mwaka 1968 alikuwa Meja Jenerali. Na tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote alipokuwa Singapore katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola, Meja Jenerali alishika nchi. Redioni zilisomwa sababu 18: rushwa, upendeleo, watu kufungwa bila ya kuhukumiwa, kodi kubwa, kukosekana kwa uchaguzi. Na sababu hizo nyingi zilikuwa za kweli! Hapo ndipo penye mtego, nasi hatutaki kupaficha. Uganda ilikuwa haijafanya uchaguzi mkuu tangu mwaka 1962. Vyama vya upinzani vilikuwa vimepigwa marufuku tangu mwisho wa mwaka 1969. Viongozi wao walikuwa jela. Watu wa Kampala walicheza barabarani, wakayapamba magari ya jeshi kwa majani ya migomba. Jenerali akasema kwamba yeye ni askari si mwanasiasa, kwamba uchaguzi utakuja, na kwamba askari watarudi makambini. Akawafungua wafungwa wa siasa. Akaurudisha mwili wa Kabaka ukazikwa kwa heshima. Uingereza ikaitambua serikali yake upesi. Mwalimu Nyerere alikataa, akampokea Obote Dar es Salaam, na wako waliomcheka Mwalimu kwa ukaidi wake.

Miongoni mwa waliofunguliwa siku zile alikuwamo Bwana Benedicto Kiwanuka. Habari zake ndizo hasa tulizokusudia kuwasimulia, kwani alikuwa mtu kama sisi: kiongozi wa chama cha upinzani. Alikuwa mwanasheria, mkuu wa chama cha Democratic Party, na Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya uhuru, hata chama chake kiliposhindwa katika uchaguzi wa Aprili 1962. Serikali ya Obote ilimtia kizuizini. Amin akamfungulia. Si hayo tu, akamfanya Jaji Mkuu wa nchi nzima. Mwambieni mwanachama wetu yeyote kwamba kesho atakuja jenerali, atawatoa viongozi wetu wote jela, na mkubwa wao atampa kiti cha Jaji Mkuu: nani kati yetu hatacheza barabarani?

Jaji Mkuu Kiwanuka alikaa katika kiti kile akahukumu kwa sheria. Mnamo Septemba 1972 aliamuru aachiliwe mtu aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi bila ya uhalali. Tarehe 21 ya mwezi huo huo watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu ya Kampala mchana, wakamtoa Jaji Mkuu katika ofisi yake, wakamtia katika gari. Hakuonekana tena. Kaburi lake halijulikani. Tangu kushangilia hadi hapo hazikupita hata siku 610.

Mwisho wake ulikuwa ule ule wa Makamu Mkuu wa Chuo cha Makerere, Bwana Frank Kalimuzo, aliyepotea mwaka huo huo. Na wa askari wa Kiacholi na Kilango waliouawa makambini kwa mamia tangu mwaka wa kwanza. Na wa Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, ikatangazwa kwamba ni ajali ya gari. Makisio ya waliokufa katika miaka minane ile ni mbalimbali, ya chini yasema watu 80,000 na ya juu yapita 300,000. Siasa ya vyama ilisimamishwa kwa amri mwaka ule ule wa 1971. Karatasi kama hii mnayoisoma isingepigwa chapa.

Wapo miongoni mwetu, na tumewasikia kwa masikio yetu, wanaomtetea kwa ajili ya dini, wakisema aliwainua Waislamu na kuiingiza Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974. Kuiingiza aliiingiza. Lakini Bwana Shaban Nkutu, aliyekuwa waziri katika serikali iliyotangulia, alikuwa Mwislamu wa Busoga aliyejulikana, naye aliuawa Januari 1973. Sisi tuliosomeshwa chuoni tukiwa na ubao na wino wa masizi tulifundishwa kwamba nafsi iliyouawa bila ya haki haiulizwi kwanza jina lake. Waislamu wa West Nile ndio waliolipa deni lake baada ya yeye kukimbia, kwani walisakwa na kuuawa na wenye kulipiza kisasi, ilhali yeye amekwisha panda ndege.

Sasa twaingia katika jambo la maduka, na msomaji atusamehe tukikawia hapo, kwani ndiyo kazi yetu.

Mwezi wa Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Wahindi wote wasiokuwa raia waondoke katika muda wa siku 90. Waliondoka makumi ya maelfu, na wengi waliokuwa raia waliondoka pia kwa kuwa hati zao zilikataliwa. Walitoka na sanduku na fedha kidogo. Watu walishangilia tena. Yaelekea walikuwa na malalamiko ya haki, kwani biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa wachache, na Mwafrika alikuwa mchuuzi wa mwisho. Malalamiko hayo hata visiwani twayajua, na yalitumiwa kwetu pia kwa njia zilizotuumiza. Lakini maduka yale waligawiwa nani? Waligawiwa askari na jamaa za askari. Mkubwa wa jeshi alipita barabarani akionyesha kwa fimbo: hili la huyu, lile la yule. Wauganda waliwapa matajiri hao wapya jina la Mafutamingi.

Husimuliwa kwamba baadhi yao hawakujua bei ya kitu chochote walichokikuta rafuni, wakawauliza wanunuzi walikuwa wakilipa ngapi. Na kwamba wengine waliuza mashati kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye ukosi, wakidhani ndiyo bei. Watu hucheka wakisimulia. Sisi hatucheki. Duka si bidhaa zilizo rafuni. Duka ni kujua nani atakuletea sukari wiki ijayo, na nani atakungojea mwezi mmoja umlipe. Hayo hayagawiwi kwa fimbo. Bidhaa zilizokutwa zikaisha, na hapakuwa na wa kuleta nyingine. Viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi, ambavyo Afrika Mashariki yote ilivijua, vilidhoofika vikawa vyuma vya kutu, na Uganda, nchi ya mashamba ya miwa, ikakosa sukari ya chai. Chumvi, sabuni na viberiti vikaingia katika magendo. Bei ya kahawa ilipopanda sana duniani mwaka 1976 na 1977, fedha ilikuwapo. Lakini ndege zilizokwenda Stansted, Uingereza, zilirudi Entebbe na wiski na redio za kuwapa maafisa ili watulie. Mtu aliyepata nchi kwa bunduki hununua usingizi wake kila wiki kwa wenye bunduki.

Cheo nacho hakikumtosha. Kutoka Meja Jenerali alijifanya Jenerali, na mwaka 1975 akawa Jemadari Mkuu, cheo kilicho juu ya vyote vya jeshi. Mwaka 1976 akatangazwa Rais wa maisha. Wazee wetu waliposikia habari ya ujemadari mkuu walitazamana. Kwani wao walikuwa wamekwisha mwona mmoja. Mwaka 1964 walimsikia redioni John Okello, mtu wa Uganda vile vile, aliyejipa mwenyewe cheo hicho hicho, akitangaza kwa sauti adhabu ambazo mpaka leo wako wanaozisikia usingizini. Okello alitolewa visiwani kabla miezi michache haijapita. Alirudi Uganda, akaonekana huko mwaka 1971, kisha hakuonekana tena, na wengi waamini kwamba aliuawa chini ya utawala wa Amin. Na kwetu sisi, tangu ilipoingia bunduki, hapakupigwa kura ya kumchagua Rais wa Zanzibar hadi mwaka 1980. Vijana wanaotwambia kwamba bunduki ni njia ya mkato wawaulize babu zao urefu wa njia hiyo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Amin waliingia Kagera, wakaua na kupora, wakalivunja daraja la Kyaka, naye akatangaza kwamba nchi ile sasa ni ya Uganda. Watu wapatao 1,500 wa Kagera walikufa. Mwalimu akatangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, na nia na uwezo pia. Jeshi likaongezwa kwa mgambo, polisi na askari wa magereza hata likapita watu 100,000. Visiwani walitoka watu. Na hapa Mkonze pia walitoka.

Mmoja wao ni mteja wetu. Hatutamtaja jina, kwani hakutuomba. Huja jioni baada ya kutoka shambani kununua sukari robo na majani ya chai, akasimamisha fimbo yake ukutani, na sisi humwamkia, "Shikamoo mzee," naye hujibu, "Marahaba, mwanangu, mbukwa." Jioni moja vijana walikuwa kwenye benchi wakilisema neno lile la jeshi, mmoja wao wa kwetu kisiwani aliyekuja Dodoma kusoma. Mzee alikuwa akingoja chenji. Akawauliza, "Nyie mmemwona askari akiingia mji?"

Hawakumjibu.

Akasema kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu mbegu: "Mimi niliingia. Tulitembea kwa miguu kutoka Kagera. Masaka tuliikuta nzima, tukaiacha si nzima. Kampala watu walitushangilia, akina mama walitubeba. Nikamuuliza mzee mmoja wa kule, mtu mzima kama nilivyo mimi leo, baba, mmefurahi? Akaniambia tumefurahi, mwanangu, na hata yule tulimfurahia. Sasa nyinyi mtaondoka lini?"

Yule kijana wa kwetu akasema, "Lakini babu, nyinyi mlikuwa wakombozi."

Mzee akasema, "Ndiyo. Na mpaka mwaka wa 1981 wenzangu walikuwa bado wako kule." Akachukua chenji yake akaihesabu, ikakosa shilingi mia. Tukampa.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, baada ya vita vikali vya Lukaya ambako waliletwa hata askari wa Libya kumsaidia Amin. Wanajeshi wetu waliofia vitani wengi wamelala katika makaburi ya Kaboya, wilaya ya Muleba. Gharama ya vita hukisiwa kuwa dola milioni 500 za wakati ule. Serikali iliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na miezi 18 ikawa miaka. Aliyekuwa mtu mzima miaka hiyo akumbuka foleni ya sabuni, kaniki iliyogawiwa kwa majina, unga wa njano. Sisi tulizaliwa ndani ya mkanda huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kufa mwaka 1977, na miongoni mwa sababu ni kwamba marais wake watatu hawakuweza tena kukaa meza moja tangu Januari 1971.

Na mwenyewe? Alikimbilia Libya, kisha akakaribishwa Saudi Arabia. Akaishi Jeddah zaidi ya miaka 20, akaenda sokoni, akavua samaki, akafa kitandani hospitalini tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko huko. Hakusimama mbele ya hakimu hata siku moja. Kuna nchi ndogo huko Amerika ya Kati, Guatemala, nayo ilitawaliwa na majenerali mmoja baada ya mwingine. Jenerali Efraín Ríos Montt alishika nchi kwa nguvu mwaka 1982, na watu wa vijijini wakauawa kwa maelfu. Mwezi wa Mei 2013, akiwa mzee wa miaka 86, mahakama ya nchi yake ilimhukumu miaka 80 kwa kuangamiza kabila. Siku kumi baadaye mahakama ya juu ikaifuta hukumu ile, naye akafa mwaka 2018 kesi ikiendelea. Basi hata huko haki haikukamilika. Lakini wajane wa Kimaya waliingia mahakamani, wakasimama wakasema mbele yake, naye akakaa akasikiliza. Mjane wa Bwana Kiwanuka hakupata hata hilo. Nchi nyingine ya Amerika ya Kati, Costa Rica, ilichukua shauri jingine: mwaka 1948 ililivunja jeshi lake, na haijawa nalo tena.

Uganda baada ya Amin iliendeshwa na marais watatu wa haraka haraka, ikafanya uchaguzi Desemba 1980 uliogombaniwa, akarudi Obote, akapinduliwa Julai 1985 na majenerali wake, akakaa Jenerali Tito Okello kwa miezi sita, kisha Januari 1986 Yoweri Museveni akaingia kwa bunduki, naye akashangiliwa. Vijana wa leo wa Kampala wengi wao hawajapata kumwona rais mwingine.

Turudi katika neno la benchini. Tukiwasimulia ndugu zetu habari hizi hutujibu, "Hao walikuwa wa zamani, wa leo ni wengine, wamesoma." Na mfano wanaoupenda ni wa Gabon, kwani unafanana na maumivu yetu. Agosti 2023 walitangaziwa matokeo ya uchaguzi ambayo wengi hawakuyaamini, na alfajiri ile ile Jenerali Brice Oligui Nguema akamwondoa rais ambaye familia yake ilitawala zaidi ya miaka 50. Watu wakacheza. Twakubali kwamba lau tungekuwa Libreville asubuhi ile, huenda nasi tungecheza. Lakini jemadari yule alipoitisha uchaguzi Aprili 2025, mgombea alikuwa yeye mwenyewe, na hesabu iliyotangazwa ilimpa zaidi ya asilimia 90 ya kura. Hesabu ya namna hiyo sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa kuisoma. Na Mali, walikoahidiwa uchaguzi mara baada ya mara, mwezi wa Mei 2025 vyama vyote vya siasa vilivunjwa kwa amri. Vyote, na vile vilivyowashangilia wanajeshi vikiwamo.

Tumeandika haya bila ya hasira na bila ya kumtaja mtu. Mkutano wa tawi ukikaa, ndugu wenye rai ile na waje waiseme mbele ya wanachama, kwa majina yao, wala hapana atakayewazomea. Tumemwomba kijana wa Mkonze arudipo likizo aje naye, ayasimulie kwa kinywa chake aliyoambiwa na mzee. Amekubali, ila amesema nauli ya boti hana. Basi tawi liliangalie hilo.